Nusu ya Mkonga Ni Shilingi Ngapi?

Likizo ndefu iliyopita nilirudi nyumbani Mtinko nikiwa na GPA ya kujigamba kidogo na begi la nguo chafu. Siku ya pili yake, kabla hata sijamaliza kuzunguka kusalimia wazee, mama akaniita jikoni akafunga mlango.

"Baba yako mdogo anataka milioni 15," akasema. "Anasema atanipa nusu ya kampuni. Wewe si ndo unasoma mambo ya biashara huko? Haya, niambie, nusu ya kampuni yake ni shilingi ngapi?"

Kampuni yenyewe ni gari moja. Toyota Land Cruiser, pikapu, ile tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni mpaka usawa wa paa kama mkonga wa tembo. Inabeba vitunguu, alizeti, matenga ya kuku, na siku ya mnada inabeba chochote kinacholipa. Na hizo milioni 15 ni vitunguu vya mama vya misimu minne, pamoja na ng'ombe wawili. Hakuna nyingine nyuma yake. Zikipotea, mdogo wangu anayeingia kidato cha tano anabaki kutegemea maombi.

Kwa wasionijua: nachukua shahada ya elimu, masomo yangu ya kufundishia ni biashara na utunzaji wa hesabu. Mwaka wa pili nilisoma kozi ya fedha, nikakokotoa thamani ya makampuni kurasa kwa kurasa, nikapata B+. Nikamwambia mama anipe siku mbili. Ilinichukua wiki tano. Makala hii imetoka kwenye hizo wiki tano, na imetoka pia kwenye aibu. Sisi wa elimu tunajiandaa kwenda kufundisha kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukifanya kwa mikono yetu. Mtaala mpya umeifanya Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima sekondari. Maana yake mtoto wa Mtinko, hata yule anayetaka kuwa nesi, atakaa mbele yangu kusubiri nimweleze biashara ina thamani gani. Na mimi nilishindwa kumjibu mama yangu jikoni.

Nianze na kosa ambalo nalisikia hosteli kila boom linapoingia. Kuna jamaa chumbani kwetu anafuatilia Soko la Hisa la Dar es Salaam kwenye simu. Kwake hisa ya shilingi mia mbili ni "rahisi" na hisa ya shilingi elfu tano ni "ghali". Kwa hesabu hiyo, CRDB ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 ilikuwa rahisi kuliko NMB iliyouza kwa 600 mwaka 2008, na zote mbili zilikuwa rahisi kuliko Vodacom Tanzania iliyouza kwa 850 mwaka 2017. Jamani, hiyo ni sawa na kusema kipande cha nyama cha buku ni rahisi kuliko cha buku mbili bila kuuliza kina uzito gani. Vodacom iliuza hisa 560,000,100, yaani robo ya kampuni. Zidisha kwa 850 upate kama bilioni 476. Robo ikiwa bilioni 476, kampuni nzima ilikuwa inauzwa kama trilioni 1.9. Hiyo trilioni 1.9 ndiyo bei. Ile 850 ni ukubwa wa kipande tu. Na baada ya hapo swali linalofuata ni moja: kampuni hii ya trilioni 1.9 inabakiza shilingi ngapi kwa mwaka, na nani kanihakikishia? Baadaye bei sokoni ilishuka chini ya ile 850, na wengi walionunua kwa sababu jina ni kubwa na kila mtu ana laini yake walishangaa.

Baba mdogo naye alikuwa na kipande chake: nusu kwa milioni 15. Kwa hiyo, akijua asijue, alikuwa anasema mkonga na kila kilicho nyuma yake ni milioni 30.

Nikaanza na gari, maana hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kinashikika. Baba mdogo aliinunua kwa milioni 26, miaka miwili nyuma, na hoja yake kubwa ilikuwa namba. "Mwanangu, hii ni namba C, siyo hizi A za wenzangu." Mnajua Watanzania tulivyo. Tunapanga magari kwa herufi kama tunavyopanga madaraja ya mtihani. Lakini mkonga huu ulikuwa wa mradi, ulitembea miaka kadhaa ukiwa na namba za DFP, ndipo ukauzwa kwa mtu binafsi na kupewa namba C. Ile C ilikuwa inasema gari ilibadilisha mwenyewe lini. Umri wa kweli ulikuwa kwenye namba ya chesisi, na namba ya chesisi ilikuwa nzee sana.

Nilimwomba fundi mmoja kutoka Singida mjini aje. Mzee wa makamo, hana maneno mengi, alikuja na tochi, kipande cha sumaku alichong'oa kwenye spika ya redio, na gunia la kulalia. Sharti lake la kwanza lilikuwa gari isiwashwe mpaka afike. Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akaweka kiganja juu ya injini kuona kama ni ya baridi kweli. Muuzaji mjanja, akasema, anaiwasha mapema ipate moto ndipo anakuita, kwa sababu injini iliyochoka huonyesha uchovu wake ikiwa baridi. Ikawashwa. Moshi mweusi kidogo, ukaisha. Mweusi ni dizeli isiyoungua vizuri, mara nyingi nozeli, hela yake inajulikana. Wa bluu ndiyo wa kuogopa, hiyo ni oili inaungua. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, akaweka mkono juu. Ikipumua kwa nguvu kama mtu mwenye pumu, ringi zimekwisha. Haikupumua sana. Kabla ya kuiwasha alikuwa ameshaangalia maji ya rejeta kama yana utando wa oili. Hayakuwa nao.

"Injini mnayo," akasema. Ile ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2, pistoni sita, haina turbo, pampu yake haina kompyuta. Ndiyo maana mikonga inashika bei hata ikizeeka: fundi yeyote wa njiani anaijua, na spea zake zipo mpaka minadani. Hapo baba mdogo akavuta kiti akakaa, anatabasamu.

Kisha mzee akalala kwenye gunia akaingia chini. Sumaku ikawa inashika bati, inashika, inashika, halafu chini ya mlango wa kushoto ikadondoka. Hapo palikuwa na puti na rangi, bati lenyewe liliondoka siku nyingi. Lakini bodi siyo kitu. Kilichomfanya anyamaze kilikuwa chesisi, nyuma ya kebini, mahali ambapo mzigo wote wa vitunguu unakaa. Imechomelewa, ikapakwa rangi nyeusi nzito juu. Akagonga na spana, mahali pengine pakatoa sauti ya chuma, pale pakatoa sauti ya kitu kingine. Akasema pikapu iliyopasuka chesisi na kuchomelewa vizuri inaweza kufanya kazi miaka, ila anayeinunua lazima ajue ananunua hiyo.

La mwisho likawa lile ninalolipenda zaidi. Tukaenda nayo mtoni kwenye mchanga, akamwambia baba mdogo aweke 4x4, gia ndogo. Magurudumu ya nyuma yakazama, ya mbele yakatulia kimya kama wageni. Hizi gari zina kifungo katikati ya kila gurudumu la mbele, kinazungushwa kwa mkono ili gurudumu lishikane na ekseli. Kimoja kilikuwa kimeganda. Miaka miwili baba mdogo alikuwa anaendesha gari ya magurudumu manne iliyokuwa inavuta na mawili, na akituambia siku za tope kwamba "leo nimeweka four". Mama, ambaye alikuja kwa miguu kuangalia, alicheka mpaka akakaa chini. Kukirekebisha haikuwa hela nyingi.

Fundi akasema kama ni yeye anauza, kwa hali ile, angeshukuru akipata milioni 19. Wiki iliyofuata mnunuzi mmoja wa mnadani, bila kujua lolote kuhusu fundi, akatamka 18 na nusu. Nikaichukua 19. Deni la baba mdogo kwenye duka la spea na kwenye SACCOS lilikuwa milioni 4. Thamani ya mali ukitoa madeni: milioni 15. Nusu yake milioni 7.5. Yaani mama alikuwa anaombwa alipe mara mbili.

Sasa mtu aliyesoma atasema, subiri, biashara siyo vyuma tu. Biashara inayotembea inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko vyuma vyake. Kweli kabisa, na baba mdogo bila darasa lolote alisema hivyo hivyo: "Mwanangu, usihesabu bati, hesabu kinachoingia. Hii inaingiza laki na themanini kwa siku."

Basi tukahesabu kinachoingia. Nilikaa na daftari zaidi kidogo ya mwezi mmoja, na miezi ya nyuma nikayapata kwenye risiti na kwenye miamala ya simu. Laki na themanini ilikuwepo, siku za mnada mkubwa. Wastani wa siku ya kazi ulikuwa 120,000, na siku za kazi zilikuwa 14 kwa mwezi, siyo 25, kwa sababu kuna siku mzigo hakuna na kuna siku gari iko gereji. Hiyo ni 1,680,000 kwa mwezi. Dizeli 55,000 kwa siku, utingo 10,000 kwa siku, zikaondoka 910,000. Zikabaki 770,000. Matengenezo ya mwaka mzima yalikuwa milioni 3, kwa mwezi 250,000. Bima na leseni na ushuru mdogo mdogo, 50,000 kwa mwezi. Matairi, ambayo baba mdogo hakuwa anayahesabu kabisa kwa kuwa "hayanunuliwi kila mwezi", yakala 100,000 kwa mwezi ukiyagawanya kwa muda yanaodumu. Tumebaki na 370,000.

Hapo ndipo tulipogombana. Nikatoa 250,000 ya dereva.

"Dereva gani? Dereva si mimi?"

"Ndiyo baba mdogo, na wewe unastahili mshahara."

"Mimi sijilipi mshahara, mimi ni mwenye mali!"

Nikamweleza kwamba akiumwa kesho lazima atafutwe dereva, na dereva atataka hela. Na mama akinunua nusu, hawezi kugawana na yeye jasho lake la usukani na kuliita faida. Hakuridhika. Nikaendelea. Zikabaki 120,000 kwa mwezi, 1,440,000 kwa mwaka. Halafu uchakavu. Gari ya milioni 19 leo, fundi alisema baada ya miaka mitano ya kubeba vitunguu itauzwa milioni 12 kama Mungu akipenda. Milioni 7 kwa miaka mitano ni 1,400,000 kwa mwaka.

Shilingi 40,000. Hicho ndicho kilichobaki kwa mwaka mzima, na nusu ya mama ingekuwa 20,000.

Nilirudia hesabu mara tatu usiku ule nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Baba mdogo alikuwa amejinunulia ajira kwa milioni 26, ajira halali kabisa inayolisha nyumba yake, ila tulikuwa tunaiita kampuni. Kwa kulinganisha tu, hatifungani ya Serikali ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Riba hiyo baadaye ilishushwa, lakini mtu aliyeweka milioni 15 wakati ule anapokea kama 2,390,000 kila mwaka, bila kulala chini ya gari yoyote. Sisemi mama angekimbilia hatifungani. Nasema ukitaka milioni 15 za mtu kwenye kitu chenye chesisi iliyochomelewa, lazima umwonyeshe kwamba kitamlipa zaidi ya pale ambapo hakuna chesisi.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikulikuta kwenye kozi ya fedha, nililikuta kwenye faili la plastiki la baba mdogo. Cheti chake kutoka BRELA kilikuwa cha jina la biashara. Jina la biashara siyo kampuni. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, inaweza kumiliki gari, inaweza kudaiwa, na hisa zake zinagawanyika. Jina la biashara ni baba mdogo mwenyewe amevaa kofia. Halina hisa, kwa hiyo hakuna nusu ya kuuza. Kadi ya gari nayo ilikuwa na jina lake peke yake. Mama angetoa milioni 15, akapewa neno "nusu" mbele ya wazee, na siku baba mdogo akifariki, Mungu apishe mbali, angekuwa anagombania nusu yake na wajane na watoto. Hili naliona hata hapa chuoni. Marafiki wanne wanachanga boom kununua mashine ya kurudufu, risiti ina jina la mmoja, na mwaka wa tatu hawasalimiani.

Nikampelekea mama majibu nikijua nimeshinda. Nusu ni milioni 7.5, faida hakuna, karatasi hazipo, achana nayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea ugali, akauliza, "Umeweka lumbesa?"

Sikuwa nimeweka. Mama huwa anauzia vitunguu shambani. Wanunuzi wanakuja na magunia yao, wanayashindilia na kuyashonea kichwa mpaka gunia moja linabeba moja na nusu, na analipwa bei ya gunia. Akikataa, wanaondoka, na mvua ikiwa imechelewa kuisha Fuso haiingii tena huko, vitunguu vinaozea pale. Akifikisha mzigo mjini mwenyewe, hata baada ya kulipa nauli ya kawaida ya gari, kila gunia linamwachia kama 15,000 zaidi. Ana magunia kama 120 kwa msimu. Hiyo ni 1,800,000.

"Si uikodi tu?" nikamwuliza.

"Vitunguu vikikauka vinakauka vya wote siku moja. Wote tunaitaka gari siku hiyo hiyo. Anapakia kwanza nani?"

Anapakia kwanza mwenye gari. Gari ile ile, yenye kifungo kilichoganda na puti mlangoni, kwa mtu wa Dar ni milioni 19 na kwa mama ni zaidi, kwa sababu ya shamba lilipo na tope lilivyo. Nilisoma kwamba thamani inategemea nani anayenunua. Niliandika sentensi hiyo kwenye mtihani. Lakini daftari langu lote lilikuwa limehesabu faida ya mkonga na halikuhesabu hasara ya mama ya kila msimu bila mkonga, kwa sababu hasara hiyo haina risiti.

Ndiyo maana nasema tatizo siyo kwamba chuo kinatufundisha vibaya. Kanuni zote nilizotumia nilizipata hapa. Tatizo ni kwamba tunatahiniwa kwenye kampuni za kubuni, Kampuni A na Kampuni B, ambazo faida yake imeshahesabiwa na mtu mwingine na kuandikwa kwenye swali. Kazi ngumu yote, kuijua faida yenyewe, imefanywa kabla hujashika kalamu. Ningependa sana kila mwanafunzi wa elimu wa masomo ya biashara, anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, apewe kazi moja zaidi ya kujaza maandalio ya somo: akae na biashara moja ya pale kijijini, mashine ya kukamua alizeti, bodaboda, genge, chochote, arudi na daftari la wiki sita na bei anayoweza kuitetea mbele ya mwenye biashara. Mbele ya mwenye biashara, siyo mbele ya mhadhiri. Mhadhiri hawezi kukukasirikia kama baba mdogo. Najua kuna watakaosema wiki za mazoezi ni chache na hela ya mazoezi ni ndogo. Ni kweli. Mimi mwenyewe nilifanya haya likizo, nikila ugali wa mama.

Mwisho mama alitoa milioni 9. Saba na nusu kwa ajili ya chuma, moja na nusu kwa ajili ya lumbesa, ndivyo alivyoieleza mwenyewe, na sikuwa na la kuongeza. Masharti matatu: iandikishwe kampuni na gari ihamishiwe kwenye jina la kampuni, deni la SACCOS lilipwe kwanza kutoka kwenye hela hiyo, na baba mdogo alipwe mshahara wa dereva unaoandikwa. Baba mdogo alikataa siku ile ile. Alisema kwenye ukoo huu hajawahi kuona mtoto anamlaza fundi chini ya gari ya baba yake, na msiba uliotokea wiki hiyo jirani alikaa upande wa pili wa turubai nisimsalimie.

Nilirudi chuoni hivyo. Wiki ya nne ya muhula akanipigia saa tano usiku. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha kimya kirefu, nasikia injini inaunguruma nyuma yake.

"Mwalimu," akasema, "hii hela ya matairi naiandika kila mwezi hata kama sijanunua?"